Kadi ya Tisini na Saba

Bweni la madaktari, chumba namba 14
Jumatatu, 4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila jicho la kulia linanicheza kwa kukodolea kompyuta. Baba kaniambia umemfukuza fundi rangi mara mbili kwa kuchora meno yanayotabasamu kwenye ukuta wa kliniki yako. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama niko sawa.

Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unajibu "sawa" halafu unakata. Nina habari na nina ombi.

Habari ni kwamba nimepata mashine. Ni ile niliyokusimulia likizo, inayokizunguka kichwa cha mtu mara moja na kutoa picha ya taya kwa pande zote, ukaweza kulikata jino vipande vipande kwenye kioo cha kompyuta bila kuligusa. Wamenipa saa tatu kila Alhamisi mchana, wagonjwa wakiisha. Utafiti wangu umepitishwa: mifereji ya mizizi ya gego la kwanza la chini. Wewe unajua, lakini nikueleze kama nitakavyolieleza jopo. Mzizi wa mbele wa gego hilo kwa kawaida una mifereji miwili. Mara nyingine kuna wa tatu, umejibanza katikati ya hiyo miwili, na daktari asipouona uchafu unabaki humo na jino linaendelea kuuma hata baada ya kutibiwa. Nataka kujua unapatikana mara ngapi.

Ombi ni meno. Kwa miezi minne nimepata kumi na tisa, na hayo hayatoshi hata kwa maonyesho ya shule. Ndipo nikakumbuka kabati lako la kona. Nilipokuwa mdogo ulinikataza kulifungua, nami nililifungua. Kila jino lilikuwa na kadi yake. Unaweza kuniazima? Kamati ya maadili inataka mwenye jino awe ameridhia kwa maandishi.

Msimamizi wangu ni mzee mmoja bingwa wa mizizi, tunamwita Rula, kwa sababu hatembei bila rula mfukoni na hupima kila kitu, hata pambizo za karatasi zetu. Hana dogo. Lakini akikusifu, umesifiwa.

Mwanao,
Kijino


Kliniki, nyuma ya kituo cha mafuta
Jumapili, 17 Februari

Kijino,

Marahaba. Tuanze na kabati. Nilijua ulilifungua. Ulikuwa na miaka sita, ukayapanga meno yangu kwa ukubwa, nami nikamaliza Jumapili mbili kuyarudisha kwenye kadi zake. Sikukuchapa kwa sababu ulikuwa umeyapanga vizuri.

Meno utapata. Magego ya kwanza ya chini ninayo tisini na sita, yaliyosafishwa na kutiwa dawa. Kila kadi ina sahihi au dole gumba la mwenyewe. Majina sikuandika, niliandika kazi zao tu, maana ndivyo ninavyowakumbuka: dereva wa lori, fundi saa, mwalimu wa hesabu.

Sasa sikiliza. Unajua hapa wananiita Mama Koleo, eti najua kung'oa tu. Ni kweli, mifereji ya jino lililo mdomoni siichimbi. Lakini jino likishatoka, nalifungua kichwani na kuliingiza sindano ya kusafishia mifereji, ile nyembamba kuliko zote, ncha yake nimeikunja kidogo kwa ukucha. Halafu napapasa polepole. Sindano ikishika katikati ya ile mifereji miwili ya mbele, mahali ambapo nilifundishwa hapana kitu, napiga mstari mwekundu kwenye kadi. Kadi kumi na moja zina mstari mwekundu. Sijapata kumwonyesha mtu. Mashine yako iseme kama ni kweli au nimekuwa nikijidanganya miaka yote hii.

Nitayapanda kwenye nta ili yasigongane njiani, safu nane, kila safu matundu kumi na mawili. Kadi zimefuata mpango huo huo. Unahesabu kutoka kushoto, sanduku likiwa mbele yako.

Huyo Rula wako, rula yake ni ya chuma, pembe moja imepinda? Nauliza tu. Usimwambie meno ni ya nani. Mwambie yametoka kwa daktari wa kliniki ndogo, inatosha.

Shangazi yako

Tena: fundi rangi nimemrudisha. Sasa amechora jino lenye miguu. Nimechoka, nimemwacha.


Chumba namba 14
Ijumaa, 8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sanduku limefika salama, halina hata jino moja lililolegea. Nilipolifungua maabara, watu watatu waliacha kazi zao wakaja kutazama. Mmoja alisema nta yako imenyooka kuliko barabara ya kuingilia hospitali. Rula naye alikuja. Akatoa rula yake akapima nafasi kati ya tundu na tundu, safu nzima, kisha akasema, "Mtu huyu ni makini." Halafu akaondoka. Kwa Rula hiyo ni hotuba.

Ndiyo, ni ya chuma na pembe moja imepinda. Umejuaje?

Kuhusu kadi: nimeongeza sura kwenye tasnifu yangu. Nitalinganisha mkono na mashine, yaani kadi zako upande mmoja na picha upande wa pili. Mkono wako ukiafikiana na mashine, basi hata daktari asiye na mashine anaweza kuutafuta mfereji wa tatu kwa sindano na subira. Nadhani hiyo ndiyo itakuwa sura bora kuliko zote.

Nina swali moja. Safu ya nane, tundu la kumi na mbili, jino la mwisho kabisa. Kadi yake ni ya zamani kuliko zote na imeandikwa: "Mpokea simu wa hospitali. Sijalifungua kichwani. Nilisema." Ulisema nini, Shangazi, na ulimwambia nani?

Mwanao,
Kijino


Kliniki
Jumatano, 20 Machi

Kijino,

Marahaba. Nimefurahi jopo litasoma kadi zangu. Nimefurahi mpaka jana nikamwambia mgonjwa asukutue mdomo kabla sijafanya lolote, akabaki ananitazama.

La mwisho lipige picha kama mengine. Mengine tutazungumza siku nyingine.

Shangazi yako


Chumba namba 14
Jumanne, 30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Kazi inaendelea, picha zote nimeshapiga. Mvua nyingi huku. Nisalimie wote.

Kijino


Kliniki
Jumatatu, 6 Mei

Kijino,

Nimekulea likizo kumi na tatu. Ulipovunja kioo changu cha mdomoni ulikuja kunizungumzia mvua. Ulipofeli fizikia ulizungumzia mvua. Sasa unanizungumzia mvua tena.

Sema umeona nini. Mimi si mgeni wa habari mbaya, na koleo sijawahi kumficha mgonjwa.

Shangazi yako


Chumba namba 14
Alhamisi, 16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeichana barua hii mara nne. Basi nasema.

Kadi na picha haziafikiani. Katika yale kumi na moja yenye mstari mwekundu, mashine inaonyesha mfereji wa tatu kwenye jino moja tu. Kumi yaliyobaki yana mifereji miwili ya kawaida, hakuna chochote katikati. Halafu kuna mengine kumi na mawili yenye mfereji wa tatu, nayo kadi zake hazina mstari. Nimerudia hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea.

Nilimwonyesha Rula. Alisema sindano humdanganya mtu anayetaka kuamini, kwamba ikikwama kwenye ufa mdogo mkono unahisi mfereji. Amesema niitoe ile sura, nibaki na picha peke yake, na kadi nizirudishe. Tarehe ya mwisho ya kubadilisha mpango ni tarehe kumi mwezi ujao. Nimeandika barua ya kuitoa sura, ila bado sijaipeleka.

Shangazi, meno yako ndiyo yaliyoubeba utafiti huu na jina lako litakuwa kwenye shukrani ukiruhusu. Hakuna anayekudharau. Ningekuwa mimi na sindano tu, bila mashine, nisingepata hata hilo moja.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Niliogopa.

Kijino


Kliniki
Jumamosi, 25 Mei

Kijino,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Imeniuma, sitakuficha. Sasa nikujibu ulichouliza mwezi wa tatu.

Miaka ishirini na nne iliyopita nilikuwa daktari kijana katika hospitali hiyo hiyo unayolala sasa. Alikuja mpokea simu wa hospitali, gego la chini lilikuwa limetibiwa na bosi wangu mwenyewe, mifereji ikazibwa, na bado lilikuwa linamuuma. Bosi akasema maumivu yako kichwani mwake. Mimi nikasema kuna mfereji wa tatu haujaguswa. Eksirei ya wakati ule ilikuwa bapa, mifereji yote inalaliana kwenye picha, huoni kitu. Basi nikalifungua jino na kuanza kuutafuta. Bosi akaingia, akanishika mkono, akaichukua mashine ya kuchimbia mkononi mwangu mbele ya mgonjwa na wauguzi wawili. Kwenye faili langu aliandika: "Amechimba mahali pasipokuwa na mfereji." Mstari mmoja tu. Baada ya hapo hakuna aliyeniletea tiba ya mizizi, na mwaka uliofuata nikaondoka.

Bosi huyo alitembea na rula ya chuma. Pembe ilipinda siku alipoiangusha ngazini, mimi ndiye niliyemwokotea.

Mpokea simu alinifuata huku miaka miwili baadaye, jino bado linamuuma. Nikaling'oa. Yeye akapona, mimi nikabaki na jino. Mengine yote nimeyafungua, hilo tangu nilipoling'oa sikulifungua hata siku moja. Niliogopa nisikute kitu humo. Ningejua basi kwamba mzee alikuwa na haki; au ningekikuta, nijue kwamba watu wote niliowang'olea magego yanayotibika kwa kuogopa kuchimba, niliwang'olea bure. Sasa na wewe unaniambia mkono wangu haujui kitu, na pengine ni kweli.

Lakini kabla hujaipeleka barua yako nijibu swali moja. Safu ya tatu, tundu la kwanza, ni la mwalimu wa hesabu. Nililiziba mwenyewe kwa madini, kizibo kikubwa, miaka minane kabla halijavunjika. Kwenye picha madini yanang'aa kama taa. Wewe kwenye picha yako ya safu ya tatu, tundu la kwanza, umeona kizibo?

Shangazi yako


Maabara, meza ya dirishani
Jumatatu, 3 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo mara tatu. Kalamu inaruka, unisamehe mwandiko.

Sikuona kizibo tundu la kwanza, kwa sababu sikuwa nimetazama. Utafiti wangu ni wa mizizi, kwa hiyo nilikata picha kuanzia shingoni mwa jino kwenda chini na vichwa vya meno sikuvigusa. Nilikuwa nimewatambua watu kwa miguu bila kuwatazama sura. Barua yako ilinikuta maabara. Nikafungua safu ya tatu kuanzia juu kabisa. Tundu la kwanza halina kizibo. Tundu la kumi na mbili lina kizibo kinachong'aa kama taa.

Nikalirudia sanduku lenyewe, nikahesabu kwa kidole. Halafu ikaniingia kichwani, nikaona haya ya peke yangu.

Mashine inaonyesha picha kana kwamba mgonjwa amekaa mbele yako anakutazama. Kulia kwake ni kushoto kwako. Hilo tulifundishwa wiki ya kwanza, hata mwanafunzi aliyelala darasani analijua. Kwa mtu nisingekosea, ningeona pua. Lakini sanduku la nta halina pua. Nilihesabu kutoka kushoto kwenye kioo, kumbe nilikuwa nahesabu kutoka kulia kwenye sanduku, safu zote nane. La kwanza nililiita la kumi na mbili, la pili nikaliita la kumi na moja, na kuendelea. Nilimpa mwalimu wa hesabu mizizi ya mtu mwingine.

Nikabandika msumari mdogo pembeni mwa kila tundu la kwanza, nikapiga picha upya, nikaanza kulinganisha. Muuguzi wa zamu alinisomea kadi, mimi nikatazama kioo. Dereva wa lori, mstari mwekundu. Upo. Mshona viatu, mstari mwekundu. Upo. Tulipofika la saba muuguzi alikuwa amesimama. Kwenye la kumi na moja aliigonga meza.

Kumi na moja kwa kumi na moja, Shangazi. Hakuna hata mmoja uliousingizia. Picha imekuta mifereji ya tatu kumi na tatu kwa jumla. Moja limekupita, la fundi saa, mfereji wake ni mwembamba sana na umefunguka chini zaidi, kwa hiyo usivimbe kichwa.

Na la kumi na tatu ni la mpokea simu.

Nimelitazama kwa saa nzima. Mfereji wa tatu upo, kuanzia mdomoni mwake hadi ncha ya mzizi. Na kuna kitu kingine. Kwenye sakafu ya jino, katikati ya mifereji miwili, kuna kishimo cha kuchimbwa, na mtu alikijaza dawa nyeupe. Hicho ni chako. Kimeelekea pale pale penye mdomo wa mfereji, hakijakwenda kombo kushoto wala kulia. Kimeishia nusu milimita juu yake.

Nusu milimita, Shangazi. Ungeachwa kidogo tu ungefika.

Barua ya kuitoa ile sura nimeichana. Nitakwenda mbele ya jopo tarehe 19 Julai, na Rula ndiye mwenyekiti. Niambie nifanye nini na jino la mwisho.

Mwanao anayelia na kucheka,
Kijino


Kliniki
Jumanne, 11 Juni

Kijino,

Nimefunga kliniki leo. Nimebandika karatasi mlangoni, "Daktari ana shughuli," nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa nikaisoma barua yako mpaka machozi yakaisha. Ni kiti kibaya sana hicho. Kumbe watu wamekuwa wakivumilia.

Kosa lako la kushoto na kulia nitalitaja kwenye kila harusi nitakayoalikwa, ikiwamo yako.

Onyesha kumi na mawili, nayo yanatosha. La mwisho usilionyeshe. Wewe uko mlangoni mwa kuwa bingwa na mzee ndiye mwenye ufunguo, sitaki uupoteze kwa ajili ya jambo la zamani. Mimi nimeshajua, na kujua kwenyewe kumenirudishia usingizi. Ukinipenda, liache.

Shangazi yako


Chumba namba 14
Jumamosi, 20 Julai

Shangazi,

Shikamoo kutoka kwa bingwa wa tiba ya mizizi. Nimepita.

Sasa nikusimulie, na uniamini kwamba nilikutii. Ukumbi ulikuwa umejaa, hata wale wa idara ya watoto walikuja kwa sababu muuguzi wa zamu alikuwa ameshatangaza habari za sanduku. Nilianza na kosa langu. Nilionyesha safu ya tatu, nikasema nilihesabu kinyume na kwamba mwenye meno ndiye aliyenigundua kwa kuuliza swali moja akiwa mbali. Walicheka, nami nikacheka. Kisha nikaonyesha mkono na mashine, kadi moja moja, picha moja moja. Hakuna aliyecheka tena. Mjumbe mmoja aliomba nirudie ile ya dereva wa lori. Nikamalizia na la fundi saa lililokupita, nikashukuru, nikafunga kitabu.

Rula akainua mkono. Akasema, "Meno ni tisini na sita. Kadi zenye matokeo ulizozitaja ni tisini na tano. Moja iko wapi?"

Unamjua. Kitu kikipungua hawezi kulala. Nikasema kadi hiyo haina matokeo kwa kuwa jino halikufunguliwa, hivyo sikuilinganisha. Akasema, "Lakini ulilipiga picha. Tuonyeshe."

Ningesema nini? Nikalionyesha. Nikasoma kadi kama ilivyo, "Mpokea simu wa hospitali. Sijalifungua kichwani. Nilisema." Sikuongeza neno. Shangazi, alisimama. Alikwenda mpaka kwenye kioo, akatoa rula mfukoni, akaiweka juu ya kile kishimo na mfereji ulio chini yake. Akaniuliza picha imekuzwa mara ngapi. Nikamwambia. Akapiga hesabu kimya, midomo ikimcheza, ukumbi mzima unamngoja.

Akasema, "Nusu milimita." Kisha akaniuliza, "Daktari wa kliniki ndogo ni nani wako?"

Nikajibu, "Ni dada wa baba yangu. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano."

Akarudi kitini. Akaandika kitu. Akatangaza nimefaulu bila marekebisho hata ya pambizo, na hilo watu wanasema halijawahi kutokea. Akatoka bila kumuaga mtu.

Sijui anafikiria nini. Lakini nakuapia, jana kila mtu ukumbini aliona kwamba aliyechimba pale alikuwa sahihi.

Mwanao,
Kijino


Idara ya Tiba ya Mizizi
Jumatatu, 5 Agosti

Kwa Daktari,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kila mara ikawa ndefu. Hii ni fupi.

Miaka ishirini na nne iliyopita niliandika kwamba ulichimba mahali pasipokuwa na mfereji. Mfereji upo. Nimepima mwenyewe mara tatu kwenye picha, na mara ya nne mwanafunzi wako akiwa hayupo. Siku ile nilikuwa na rula mfukoni na sikuitumia. Nilitumia cheo.

Nimeuandikia uongozi wa hospitali kuomba sentensi ile ifutwe. Imefutwa. Nakala yenye muhuri iko ndani ya bahasha hii. Chini yake wameandika maneno niliyowapa mimi: "Daktari alikuwa sahihi. Aliyemzuia alikosea." Nimeweka sahihi yangu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba jambo jingine. Njia yako ya kukunja ncha ya sindano hakuna anayeifundisha hapa, na madaktari wengi tunaowatuma wilayani hawatakuwa na mashine ya picha. Njoo uwafundishe. Darasa ni Alhamisi asubuhi, mwezi wa kumi. Nitakaa benchi la mbele pamoja na wanafunzi, na nitaleta sindano zangu.

Mimi, niliyekuwa bosi wako


Kliniki
Jumapili, 8 Septemba

Kijino, bingwa wangu,

Marahaba, tena marahaba.

Barua ya mzee nimeipata. Nilitaka kumkasirikia kwanza, nikaona nimechelewa, hasira ilishatoka na lile jino. Karatasi yenye muhuri nimeitundika ukutani mahali pa jino lenye miguu. Fundi rangi amenuna. Nimemwambia asinune, nina kazi nyingine kwa ajili yake, afute mlangoni "Tunang'oa Meno" aandike "Tunatibu Meno." Ameahidi kutochora kitu.

Mzee nimemjibu kwa mstari mmoja, maana yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mstari mmoja unatosha. Nimeandika, "Nitakuja Alhamisi, uwahi kukaa mbele." Kwa hiyo nitafutie mahali pa kulala, na mwambie yule muuguzi aliyegonga meza nataka kumwona.

Sasa nikupe habari niliyokuwa nimeibana. Jumatano ya wiki mbili zilizopita alikuja fundi bomba. Gego la kwanza la chini, kushoto, limetibiwa mahali fulani mwaka jana na bado linamkosesha kula. Alikaa akafumba macho akasema, "Mama Koleo, ling'oe tu yaishe." Koleo nilikuwa nimeshalishika.

Nikaliweka chini. Nikamwambia, "Baba, nipe saa moja na nusu. Nikishindwa nitaling'oa." Nikampiga ganzi, nikalifungua. Ile miwili ya mbele nikaikuta imezibwa vizuri tu, hata mimi nisingeiziba hivyo. Nikaanza kutafuta katikati. Mkono ulikuwa baridi, Kijino. Nilimsikia mzee mlangoni, nikageuka nikaona hakuna mtu, ni pazia. Nikachimba polepole, nafuta, natazama, nachimba tena. Nilipofika pale ambapo zamani nilishikwa mkono, safari hii hakuna aliyenishika. Nikaongeza kidogo, kama nusu milimita. Nikakunja ncha ya sindano kwa ukucha nikaishusha.

Ikashika, halafu ikapita.

Fundi bomba aliniuliza kwa mdomo wazi kwa nini nalia, nikamwambia atulie, ni dawa. Nikausafisha mfereji, wiki iliyofuata nikauziba, na jana kapita hapa anatafuna mahindi ya kuchoma upande ule ule wa kushoto, kusudi nimwone. Amewaambia wenzake wote. Kesho nina watu wanne wenye magego, na hakuna hata mmoja anayetaka koleo.

Nimemwandikia kadi na ameweka sahihi. Nakutumia uiweke pamoja na zile nyingine, ila tundu lake kwenye nta utaliacha tupu. Inasomeka hivi:

"Kadi namba 97. Fundi bomba. Gego la kwanza la chini, kushoto. Mifereji ya mbele: mitatu. Jino halipo sandukuni. Lipo mdomoni mwa mwenyewe."

Shangazi yako